Maji Yafike Wapi Kwenye Jiwe

Siku ile ya mafuriko tulikuwa watu watano pale mdomoni mwa mfereji, na mtoto mmoja mgongoni. Mimi Rael nilikuwa hapo. Mzee Arap Tonui alikuwa hapo, yule aliyekuwa nyapara wetu katika nasari ya chai, yaani kitalu cha miche, na baadaye, wote tukiwa tumestaafu, akawa mwenyekiti wa kikundi chetu cha miti na kinamasi. Mama Auma alikuwa hapo, Mjaluo, rafiki yangu niliyejaza naye udongo kwenye karatasi za plastiki za miche tangu tukiwa wasichana. Nyaboke alikuwa hapo, mzaliwa wa Kisii, ameolewa na mdogo wa mume wangu, na shamba lake la mboga ndilo linapakana na kinamasi. Chebet alikuwa hapo, binti wa mtoto wangu wa kwanza, alikuwa amekuja nyumbani kujifungua. Na mgongoni kwa Chebet alikuwa Cherop, ambaye jina lenyewe linasema alizaliwa mvua ikinyesha. Huyo hawezi kunisahihisha kwa lolote. Alikuwa amelala.

Nawataja wote kwa sababu hao ndio waliosikia Mzee alichosema kuhusu jiwe. Mzee, Mungu alimwita. Mama Auma alirudi kwao upande wa Ahero. Chebet anasema siku hizo kichwa chake kilikuwa cha mama mwenye mtoto mchanga, hakikushika kitu. Tumebaki mimi na Nyaboke, na kwa hili jiwe mimi na Nyaboke hatupatani.

Nyinyi vijana wa kikundi, ninawaandikia nikiwa nimekaa dirishani. Mvua ilinyesha jana, ikanyesha usiku, na leo bado haijapumzika. Huko chini bondeni, katikati ya nyasi za kinamasi, kuna kong'ony, yule korongo mwenye taji, amelalia mayai. Kutoka hapa juu naona taji tu, kama ufagio mdogo wa dhahabu ambao mtu ameusahau kwenye nyasi. Nikiandika kidogo naangalia kama bado ipo. Bado ipo. Chebet, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wenu, yuko kwenye mfereji amevaa gambuti, na ananipigia simu mimi bibi yake, Kogo kwa Kipsigis. "Kogo, maji yanapanda. Nifungue? Jiwe lifunikwe au lisifunikwe?" Nimemwambia atoe gunia moja la juu kwenye kizibo cha mfereji, halafu angoje.

Miguu yangu haiwezi tena ule mteremko wakati wa matope. Kwa hivyo naandika kwa mkono wangu, hii shule yangu ndogo ya darasa la tatu, na Cherop, yule yule wa mgongoni, atapiga picha karatasi hizi awatumie kwa simu. Mtasema, kwani Kogo anazunguka wapi, si aseme tu mambo ya jiwe. Nikisema jiwe peke yake mtafanya kama tulivyofanya sisi: mtaona maji, mtashika jembe.

Wacha nianze na jembe basi.

Katika nasari ya chai kuna adui mmoja kuliko wote, nayo ni maji yaliyosimama. Chai inapenda mvua lakini inaogopa kulowa miguu. Tulikata vijiti kwenye kichaka cha mama, kila kijiti jani moja na jicho moja, tukapanda kwenye karatasi zilizojaa udongo, tukafunika na nailoni. Mzee Arap Tonui alipita kati ya vitanda mikono ikiwa nyuma. Akiona mahali pamelowa, hasemi. Anasimama tu hapo na viatu vyake vinazama, anakuangalia, mpaka wewe mwenyewe unakimbia kuchukua jembe. Yeye ndiye alinifundisha kupima udongo. Finya mkononi. Ukitoa maji, umezidisha. Ukimwagika kama unga, umepunguza. Ukifungua mkono na umebaki na alama za vidole vyako, huo panda. Mpaka leo nikisalimiana na mtu kanisani, mkono wangu unataka kumfinya nione kama ana maji.

Hapo nasari ndipo nilipojua Kiswahili. Auma hakuwa anajua Kipsigis, mimi Kijaluo sikujua hata salamu, na kazi ilikuwa ya watu wawili wawili. Kiswahili chetu tulikitengeneza pale pale pamoja na udongo. Kama mnaona mahali kimepinda, ndiyo sababu.

Tuliostaafu tukaanza kikundi. Mto ulikuwa umekonda, watu wamepanda bulugamu, ile mikaratusi inayokunywa maji, mpaka ukingoni, na Mzee akasema sisi ndio tunajua miche kuliko mtu yeyote hapa kati ya Mogogosiek na Kapkatet, kwa nini tukae tu? Tutaotesha miti ya kienyeji. Tukaokota mbegu za tendwet, ule mti ambao watu wanaumenya ganda kwa dawa mpaka unakufa umesimama. Tukazisia vizuri kwa laini. Halafu, kwa sababu mikono yetu ilikuwa mikono ya chai, tukafunika na nailoni na kuziba pembe zote kwa udongo, hewa isiingie. Tulipofunua, harufu ilitoka ikatufukuza mpaka kwenye zizi la ng'ombe.

"Yawa!" Auma alisema. "Nyapara, hii si nasari. Umetupikia uji."

"Uji wenyewe umechacha," Mzee akasema, na akacheka mpaka akakaa chini.

Mbegu ya tendwet msiifunike hivyo. Okota zikiwa zimeiva, osha ile nyama ya nje, panda wiki hiyo hiyo kabla hazijakauka. Zipe kivuli cha matawi, na hewa ipite. Kwa kosa hilo tulicheka. Kosa lililofuata hatukucheka.

Taji bado ipo. Imegeuka upande wa mto. Sijui ni mama au baba anayekaa sasa, wanapokezana.

Lile kosa lingine lilikuwa hivi. Tulikuwa na miche mingi, na mahali pa kupanda palikuwa kinamasi, kwa sababu hapakuwa pa mtu na hapakuwa na chai. Mzee akashuka, akasimama pale katikati, viatu vikazama. Hakusema. Akatuangalia. Mimi na Auma tukakimbia kuchukua majembe, kama tulivyofanya miaka yote. Tulichimba mfereji kutoka katikati ya kinamasi mpaka mtoni, watu wa kikundi wote, tukiimba nyimbo za kanisa, na maji yakatoka kama maziwa kwenye kibuyu kilichopasuka. Watu walisimama barabarani wakatusifu. Nyaboke akapata ardhi nyeusi mpya ya sukuma na managu, akatuletea chai na ndizi za kuchemsha.

Miti ilisimama vizuri. Lakini jioni moja Auma aliacha kumenya viazi nyumbani kwangu akauliza, "Rael, husikii?"

"Nini?"

"Hakuna kitu. Hiyo ndiyo nakuuliza. Vyura wako wapi?"

Mkitaka kujua kama kinamasi ni kizima, msikiangalie. Kisikilizeni. Vyura walikuwa wamekwisha, na baada ya vyura kong'ony nao hawakuja. Walikuwa wanakuja tangu nikiwa mtoto, wanataga huko kwenye nyasi zilizosimama majini, kwa sababu mbwa hapendi kuogelea kutafuta yai. Sasa mbwa wa senta walikuwa wanatembea humo na miguu mikavu.

Na lazima mjue jambo hili kuhusu Mzee. Sisi Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, na wa ukoo wa Arap Tonui ni kong'ony. Akimkuta njiani alikuwa anasimama na kumwachia nafasi apite, kama mtu anavyompisha mkwe wake. Sasa hakuwa na wa kumpisha. Auma, ambaye alikuwa haogopi mtu, alimwambia kwa mkutano mbele ya wote, "Mzee, umewafukuza ndugu zako kwa jembe."

Nilitaka kuingia chini ya benchi. Mzee aliangalia kofia yake, akasema, "Kesho mje na magunia ya mbolea. Yale matupu."

Tulijaza magunia udongo tukaziba mdomo wa mfereji, pale unapotoka kwenye kinamasi. Hatukuufukia mfereji wote, na nyinyi msiufukie. Kinamasi ni kama sufuria, lazima uwe na mahali pa kuinua kifuniko. Pale mdomoni kuna jiwe bapa tulilokuwa tunanolea panga, limechimbika katikati kama kiti. Mzee akaliweka wima kidogo kando ya magunia. Hilo ndilo jiwe lenyewe.

Nyasi zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo tukaenda kuomba kwenye kinamasi kingine. Unakata shina na matope yake, ukubwa wa kichwa cha mtoto, hulioshi. Unalibeba likiwa limelowa, unalikanyagia mahali pake kwa kisigino. Ukilipanda kwa mikono tu, linaelea usiku na asubuhi unalikuta mtoni. Ukingoni tulipanda lamaiywet, mti usioogopa kulowa miguu, ili ukiwa mrefu ndege wapate pa kulala. Bulugamu za ukingoni tulizing'oa zile ambazo wenyewe walikubali. Zile ambazo wenyewe hawakukubali, bado mnaziona. Endeleeni kuwaomba. Mwombeni mke kwanza.

Nyaboke ndiye alikuwa kazi. Maji yalirudi kwa mboga zake.

"Nimehamisha sukuma," akasema. "Nimehamisha vitunguu. Sasa mtaniambia nimpishe ndege hata kitanda?"

"Ukimpisha kitanda, mzee wako atalala wapi?" Auma akamuuliza.

"Huyo alale kwa kinamasi. Anakoroma kama chura, mtapata sauti mliyoipoteza."

Lakini alihama. Tulimchimbia vitanda vipya juu, tukambebea samadi mpaka migongo ikakataa, na alihama. Nataka mlikumbuke hilo mkifika mwisho wa barua hii.

Vyura walirudi kwanza. Kong'ony walichukua muda, mpaka nikaanza kuona aibu kumwangalia Mzee. Kisha asubuhi moja wawili walishuka kwenye malisho, wakainamishiana vichwa, wakaruka juu na mabawa wazi, wakacheza kama watu waliosikia habari njema. Mzee alitoa kofia.

Chebet amepiga simu tena. Gunia la juu limetoka, na maji bado yanapanda, lakini polepole. Anauliza aende akaangalie kiota kwa macho. Nimekataa. Mkifika karibu, ndege anainuka, mayai yanapoa, na kunguru wanaona mahali. Nyasi ni ndefu, huwezi kuona kiota mpaka umemfukuza mwenye kiota. Ndiyo sababu kuna jiwe. Jiwe linakuonyesha mahali maji yamefika kwenye kiota bila wewe kwenda kwenye kiota.

Sasa siku ile ya mafuriko. Ilikuwa mvua kama hii. Kong'ony alikuwa anakaa kwenye mayai kwa mara ya kwanza tangu tuzibe mfereji. Tulishuka wote, wale niliowataja. Maji yalikuwa yamefika kwa managu ya Nyaboke, na Chebet alikuwa analia, mtoto mgongoni, anasema, "Fungueni, fungueni, ndege atazama!" Nyaboke naye, "Fungua Mzee, mboga zangu zinaogelea!" Mimi nilikuwa tayari nimeshika jembe. Mikono ya chai, nawaambia, haisikii.

Mzee akasimama juu ya magunia akanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Mkifungua yote, maji yatashuka kwa alasiri moja," akasema. "Mbwa wataingia jioni. Mkiziba yote, yatampita usiku. Maji yakipanda polepole, ndege mwenyewe anaongeza nyasi chini ya mayai, anainua nyumba yake. Kazi yetu ni kumpa muda."

Tukatoa gunia. Tukangoja. Tukatoa lingine, tukarudisha nusu. Auma alikuwa na magunia mabegani kama wakati tukiwa wasichana, anamtania Mzee, "Nyapara, hata uzeeni unanibebesha tu?" Na Mzee alikuwa ameinama juu ya jiwe, mvua inamtiririka kwenye kofia, anaangalia maji. Hapo ndipo aliposema. Alisema maji yafike hapa. Aliweka mkono kwenye jiwe.

Mimi nakumbuka mkono ukiwa kwenye mdomo wa jiwe, ukingo wa juu. Nakumbuka akisema, "Maji yalambe mdomo, yasiumeze." Kwa hivyo jiwe lisifunikwe. Nakumbuka hata ukucha wake uliokuwa umepondwa na nyundo.

Nyaboke anasema hapana. Alikuja hapa asubuhi na gunia kichwani la kujikinga mvua, akasimama mlangoni anachuruzika.

"Rael, umekosea. Mzee alisema lifunikwe. Alisema mtu akiweka kiganja juu ya jiwe, maji yafunike kiganja."

"Nyaboke, alisema yalambe."

"Yalambe ilikuwa kesho yake, mvua ilipopungua. Siku yenyewe alisema yafunike. Wewe kumbuka vizuri."

"Mimi najua jina la kila mtoto aliyebatizwa kanisa letu, na la bibi yake."

"Majina unajua, mama. Mimi nauliza jiwe."

Nikakasirika, nikamwambia aende akapike. Akaenda. Lakini tangu aende, nimekaa hapa na neno moja haliniachi. Maji yakifunika jiwe, yanaingia kwa mboga za Nyaboke. Mwaka huu amepanda managu mpaka chini kabisa, na wateja wa Kericho wanayangoja. Yakilamba tu, mboga zinapona. Mtu anaweza kusema uongo wa kujisaidia, huo nimeusikia sana. Uongo wa kujiumiza sijawahi kuusikia. Na Nyaboke ndiye aliyewaona vifaranga kwanza, baada ya yale mafuriko. Alipiga kelele kama ameingiliwa na wezi, "Wako kwa managu yangu! Wako kwa managu yangu!" na tulipofika alikuwa amekaa chini kwenye matope, analia, na vifaranga wawili rangi ya asali wanapita mbele yake nyuma ya mama yao.

Kwa hivyo ni nani anakumbuka? Kama mimi ndiye sahihi na tukamfuata Nyaboke, maji yatafika kwa mayai kabla ndege hajainua nyumba. Kama Nyaboke ndiye sahihi na tukanifuata mimi, chini patakauka kando ya kiota, na mbwa wa senta nimewasikia leo asubuhi. Mwenye kujua amelala kule kwenye makaburi ya kanisa, na huwezi kwenda kumbishia mlango.

Nimemwambia Chebet aache maji katikati ya neno langu na neno la Nyaboke. Lakini katikati si jibu. Katikati ni mimi kuogopa.

Mama Auma, Cherop anajaribu namba yako tangu asubuhi, haiingii. Kama kuna mmoja wenu yuko Ahero leo au ana mtu huko, nendeni kwake, muulizeni mkono wa nyapara ulikuwa wapi kwenye jiwe. Atacheka, atawaambia kwanza habari ya uji. Ngojeni, atafika kwa jiwe. Na nyinyi mliokuwa mnamsikia Mzee akiirudia hadithi hii kwenye senta ya kupimia majani, maana alikuwa anairudia kila Desemba, kumbukeni. Alikuwa anaonyesha kwa kiganja au kwa kidole? Hata hilo litatusaidia.

Taji bado ipo. Nimesimama kuiangalia, nimekaa tena.

Labda nimekosea ukoo wa mtu, au nani alibeba samadi na nani aliimba tu. Labda si Auma aliyeuliza vyura, labda ni mimi, na nimempa yeye kwa sababu nimemkosa. Kama nimekosea jina la mtu, njooni mnisahihishe Jumapili, tukinywa chai. Lakini kama nimekosea jiwe, msingoje Jumapili. Kimbieni sasa, shukeni kwa Chebet mumwambie, halafu ndiyo mje mniambie mimi.